Ndugu Zako ni Wangapi? Maswali Mepesi Yanayotuponza Ughaibuni



Majuzi nilikuwa nyumbani Kiunga, nimeketi barazani baada ya swala ya alasiri, akaja binti wa kaka yangu na karatasi mkononi. Mumewe yuko Uingereza, naye ameitwa Nairobi kuhojiwa ili apate kumfuata. "Ami," akaniambia, "hapa wameuliza nina ndugu wangapi. Niandike wangapi?"

Nilicheka, kisha nikanyamaza. Swali hilohilo liliwahi kunigharimu miezi 14.

Nilipokuwa London nikaomba mke wangu aje, mimi niliulizwa kule, yeye akaulizwa huku. Nikajibu nina ndugu 5. Yeye akasema 12. Barua ikaja: majibu hayalingani, ndoa hii ina shaka. Wallahi hakuna aliyesema uongo. Mimi nilihesabu wa tumbo moja. Mke wangu alihesabu kama tunavyohesabu Kiunga, akatia na watoto wa ami zangu tuliolelewa pamoja. Kwetu ndugu wa baba ni baba, na mtoto wake ni ndugu yako. Kwa Waingereza ndugu ni yule mliyechangia baba au mama. Mtoto wa ami ana jina lake jingine kabisa.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikiwasaidia wenzangu kujaza karatasi, na nimeona mambo yanayotutatiza ni yaleyale.

La kwanza ni saa. Sisi twahesabu tangu jua linapochomoza, wao tangu usiku wa manane. Saa tatu asubuhi yetu ni saa tisa yao. La pili ni siku. Kwetu siku mpya huingia magharibi, kwa hiyo usiku wa Ijumaa ni ule wa Alhamisi kuamkia Ijumaa. Sasa wafikirie Wabajuni wenzetu wa ng'ambo ya mpaka, wa visiwa vya Chula, Chovai na Koyama hadi Kismayo, waliokimbia vita baada ya serikali ya Siad Barre kuanguka mwaka 1991. Wengine walifika Uingereza wakaomba hifadhi. Mtu akisema, "Tuliondoka usiku wa Ijumaa saa nne," maana yake ni Alhamisi, saa kumi ya usiku kwa hesabu ya Kizungu. Mkalimani asiyejua mila ataandika Ijumaa, saa nne. Sentensi moja, makosa mawili. Na mtu huyo akiulizwa tena mwezi wa pili akataja tarehe sahihi, ataambiwa amebadilisha maneno.

La tatu ni jina. Mimi nabeba jina langu, la baba na la babu. Kule jina la mwisho ndilo la ukoo, la baba na watoto wote. Basi kwenye karatasi zao mimi nina jina la babu yangu, na baba yangu ana jina la babu yake, kana kwamba si wa nyumba moja. Mke wangu naye amebaki na jina la baba yake, kwa sababu kwetu mwanamke haolewi akapoteza nasaba. Wao huuliza: mkeo vipi, na jina si lako?

La nne ni tarehe ya kuzaliwa. Wazee wetu wengi watakwambia walizaliwa kabla ya Shifta, au mwaka watu walipohama Kiunga kwa sababu ya vita hivyo vya miaka ya 1960. Karatasini huandikiwa tarehe 1 Januari. Afisa akiona nyumba nzima imezaliwa siku moja, hushangaa.

Na macho. Sisi tumefunzwa kuinamisha macho mbele ya mkubwa. Kule asiyemtazama mtu usoni hudhaniwa ana la kuficha.

Zamani niliyachukulia haya kuwa ni dharau tu. Siku hizi naona sababu yake. Kiunga hakuna anayeniuliza mimi ni mtoto wa nani. Baraza zima lanijua, na likihitajika latoa ushahidi. Kule jirani wa mlango wa pili hajui jina langu. Pasipo baraza, karatasi ndiyo shahidi, na karatasi haijui ami wala usiku wa Ijumaa.

Basi nilimwambia binti yangu hivi. Usibadilishe ukweli ili ufanane na wao; ueleze. Andika: wa tumbo moja 4, wa baba mmoja 2, watoto wa ami tuliolelewa pamoja 6. Saa itaje kwa hesabu yao, na useme ni mchana au usiku. Siku itaje pamoja na tarehe. Kama humwelewi mkalimani, sema papo hapo, usione haya. Na kabla ya kwenda, mpigie simu mumeo mhesabu ndugu pamoja.

Alipiga simu palepale barazani. Mumewe alikuwa ameandika 4. Walibishana nusu saa juu ya wale wengine, mpaka wakakubaliana. Jumatatu atapanda boti kwenda Lamu, avuke Mokowe, ashike basi la Nairobi. Tumuombee dua.