Komenti zilizomfanya binti aache kula

Mama aliingia kwanza, binti akafuata nyuma ameshika simu. Walikuwa wametoka Mbagala alfajiri kwa daladala mbili, na foleni ya kliniki iliwashika hadi saa tano. Hata kabla hajakaa sawasawa, mama akasema: "Daktari, huyu huu ni mwezi wa nne hajaona siku zake. Nataka apimwe mimba hapa hapa, nikiona."

Binti ana miaka 17. Alinipa shikamoo, akainamisha kichwa. Tulipima, mimba haikuwepo. Mama alishusha pumzi ndefu, akachukua mkoba wake tayari kuondoka. Ningeweza kumwacha aende, maana nje walikuwa wamebaki watu zaidi ya 30. Lakini daftari la binti lilionyesha kwamba mwaka jana, alipokuja na malaria, alikuwa na kilo 56. Siku hiyo mizani ilisoma 47.

Nikamwomba mama atusubiri nje dakika kumi. (Mzazi, usikasirike daktari anapokuomba hivyo. Mtoto wa umri huu huwa na jambo ambalo hawezi kulisema mbele yako, na mara nyingi ndilo lililomleta hospitali.) Mlango ulipofungwa, binti akafungua simu akanionyesha.

Anacheza mpira, nafasi ya kiungo, katika timu ya wasichana ya mtaani Temeke. Muuza vifaa vya michezo alimwona kwenye mechi Mwembeyanga, akampa viatu na jezi. Makubaliano yalikuwa ya mdomo tu: kila wiki aweke mtandaoni picha au video mbili akiwa amevaa vitu vya duka, na wafuasi wakiongezeka ataongezewa nauli ya mazoezi. Video moja ilisambaa. Ilipata komenti zaidi ya 300, nyingi za kumsifu, lakini hakuweza kunitajia sifa hata moja. Alichokuwa amehifadhi ni zile kama 20 zilizozungumzia mapaja na tumbo lake. Kiboko. Tangi la maji. Huyu mdhamini amemvisha au amemlisha?

Akaacha chakula cha usiku, kisha cha mchana. Akaongeza mazoezi ya alfajiri peke yake. Mama aliona anapungua, akadhani ni mpira.

Msomaji, nikueleze kinachotokea ndani ya mwili, kwa sababu wazazi wengi wakisikia "matusi ya mtandaoni" huona ni mambo ya watoto wa siku hizi, hayahusiani na hospitali. Mwili wa msichana anayefanya mazoezi una matumizi mengi: kukimbia, kukua, kujenga mifupa, kupambana na magonjwa, kupata hedhi. Yote yanalipwa na chakula. Chakula kikipungua huku mazoezi yakiongezeka, ubongo huanza kufunga matumizi yanayoweza kusubiri, na uzazi ni mojawapo ya yale yanayofungwa mapema. Tezi iliyo chini ya ubongo hupunguza homoni zinazoamuru mayai kukomaa, na hedhi inakatika. Homoni ya estrojeni nayo inashuka. Hiyo ndiyo inayolinda mifupa, na miaka ya ujana ndiyo miaka ya kuiwekea mifupa akiba ya uzeeni. Ndiyo maana msichana wa namna hii anaweza kuja na maumivu ya muundi yasiyoisha, mkadhani kagongwa uwanjani, kumbe mfupa una ufa mdogo.

Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali hii jina lake la kitabibu, upungufu wa nishati katika michezo, na ikasema wazi kuwa wavulana nao huipata. Wao hawana hedhi ya kutuonya. Kwao utaona uchovu, kuumia mara kwa mara, hasira za ovyo na kukosa usingizi.

Sasa turudi kwenye ile simu. Ushauri wa kwanza nyumbani huwa "achana nao, zima simu." Nami niliwahi kuutoa. Kwa binti huyu ulikuwa ushauri mbaya, maana viatu vyake vinatoka ndani ya simu hiyo. Akiizima anavunja makubaliano, anarudi kucheza na raba zilizochanika. Mdhamini anahesabu wafuasi, wafuasi wanakuja na komenti, komenti zinakuja na matusi. Ni kama kumwambia mama lishe anayetukanwa sokoni asiende sokoni.

Mzunguko huo si wa Temeke peke yake. Kwetu mtu akisema kupanda, tunafikiria Kilimanjaro. Lakini upo mchezo wa kupanda miamba na kuta, ulioingia Olimpiki kwa mara ya kwanza kwenye michezo ya Tokyo iliyofanyika mwaka 2021. Wanaoishi kwa mchezo huo hawana mshahara wa klabu kama wachezaji wa Simba au Yanga. Wengi hutegemea kampuni za viatu na kamba, na kampuni hizo hutazama jina la mpandaji mtandaoni. Aprili 2018 mpandaji wa Marekani, Sasha DiGiulian, alieleza hadharani kwamba kulikuwa na akaunti ya siri ya Instagram iliyokuwa ikimdhihaki, na kwamba nyuma yake alikuwa mpandaji mwenzake maarufu, Joe Kinder. Kinder alikiri na kuomba radhi. Kampuni mbili zilizomdhamini, Black Diamond na La Sportiva, zikaachana naye.

Ninaitaja habari hiyo kwa sababu mbili. Aliyekuwa akimuumiza hakuwa mtu wa mbali asiyemjua. Alikuwa wa mchezo ule ule, anayegombea macho ya wadhamini wale wale. Na wadhamini hawakusema "hayo ni yenu wenyewe." Walichagua upande.

Katika mchezo huo huo, uzito wa mwili umekuwa jeraha la muda mrefu. Aliye mwepesi hupanda kwa urahisi zaidi, hivyo wapo wanaojinyima chakula. Bingwa wa Olimpiki kutoka Slovenia, Janja Garnbret, alilisema hilo wazi mwaka 2023, akidai mchezo usilee kizazi cha mifupa mitupu. Niliposoma habari zake nilimkumbuka binti wa Mbagala. Mapaja yaliyomfanya aitwe kiboko ndiyo yaliyomwezesha kukimbia dakika 90.

Wanawake ndio wanaobeba mzigo mkubwa wa matusi haya. Shirikisho la Riadha la Dunia lilifuatilia akaunti za Twitter za wanariadha 161 wakati wa michezo ya Tokyo. Waliotukanwa moja kwa moja walikuwa 23, na 16 kati yao wanawake. Kati ya jumbe 132 za matusi zilizothibitishwa, 115 zililenga wanawake. Afrika Mashariki tunalijua hili bila hata takwimu. Baada ya fainali ya mita 800 Rio mwaka 2016, Francine Niyonsaba wa Burundi aliyepata fedha na Margaret Wambui wa Kenya aliyepata shaba walijadiliwa miili yao na dunia nzima kama ng'ombe wa mnadani, pamoja na Caster Semenya wa Afrika Kusini aliyeshinda. Niyonsaba alifungiwa njia ya mbio zake kwa kanuni za homoni, akahamia mbio ndefu, na Septemba 2021 akaweka rekodi ya dunia ya mita 2,000.

Huku kwetu neno hilo linakuja kwa ufupi: dume. Nimeletewa na mzazi msichana wa miaka 14 ili "apimwe kama ni mwanamke kweli," kwa sababu tu video yake akipiga mpira wa adhabu iliandikiwa hivyo. Mabega na misuli ya mtoto anayefanya mazoezi si ugonjwa. Ukiwa na shaka ya kitabibu, kwa mfano binti amefika miaka 15 bila kuvunja ungo, njoo kliniki kwa sababu hiyo. Komenti ya mtu asiyemjua mwanao haiwezi kuwa rufaa.

Na wanaume wanatukanwa pia, hasa na wanaobeti. Mkeka ukichanika kwa sababu kijana amekosa penalti, aliyepoteza buku mbili anaingia kwenye akaunti yake usiku huo huo kumtukania mama. Vyama vya tenisi duniani viliichunguza mwaka 2024 na kukuta kwamba takriban asilimia 40 ya matusi kwa wachezaji yalitoka kwa wacheza kamari wenye hasira. Sijaona hesabu kama hiyo ya ligi zetu, lakini pita kibanda chochote cha kubeti Tandale au Tandika usikilize maneno siku ya Jumapili jioni.

Basi wewe mzazi ufanye nini?

Anza na usingizi na sahani, kabla ya simu. Mtoto anayeamka usiku kusoma komenti, anayedai amekula kwa shangazi kila siku, anayevaa sweta kwenye joto la Dar es Salaam, anayekwenda chooni mara tu baada ya kula, huyo ana jambo. Msichana aliyekuwa akipata hedhi vizuri kisha ikakatika miezi mitatu, mlete, hata kama kipimo cha mimba hakionyeshi kitu. Usimnunulie vidonge vya kupanga uzazi duka la dawa ili "kurudisha siku." Vitaleta damu, mtafurahi, na mwili utaendelea kukosa chakula.

Unapomuuliza, usianze na "nani kakutuma uweke picha?" Ukianza hivyo, mazungumzo yamekwisha. Mwambie akuonyeshe, kaa naye, zisomeni pamoja kwa sauti. Nimeona watoto wakicheka kwa mara ya kwanza baada ya kumsikia mama yao akisoma "tangi la maji" na kuuliza, "la lita ngapi?" Si kila mtoto atacheka, lakini tusi lililosomwa na watu wawili hupungua uzito. Halafu muulize waziwazi kama amewahi kutamani kufa. Kuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kunampa nafasi ya kulitoa. Akisema ndiyo, usingoje kliniki ya wiki ijayo. Mpeleke siku hiyo hiyo hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, Temeke, Mwananyamala au Amana, na usimwache peke yake njiani. Simu ya huduma kwa mtoto ni 116, haina malipo.

Kabla ya kufuta chochote, piga picha ya skrini yenye jina la akaunti na tarehe. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 kinakataza kumtumia mtu ujumbe kwa nia ya kumtisha, kumsumbua au kumuumiza kihisia, na adhabu yake ni faini isiyopungua Sh5 milioni, kifungo kisichopungua miaka mitatu, au vyote. Kwa mtoto, anzia Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi. Wengi hawatafika huko, nalijua hilo, lakini kuwa na ushahidi mkononi humpa mtoto nguvu.

Kisha nenda kwa mdhamini. Hata kama ni duka tu la Kariakoo lililotoa jezi moja, ukurasa ni wake, anaweza kufuta matusi na kuzuia maneno fulani yasionekane. Hiyo ni kazi ya dakika mbili. Makubaliano yaandikwe: picha ngapi, nani anajibu komenti, na mtoto akiumwa anapumzika bila kunyang'anywa viatu. Mama wa binti wetu alikwenda. Muuzaji alishangaa, hakuwa anasoma komenti kabisa, alikuwa anahesabu tu. Sasa akaunti inaendeshwa na kijana wa dukani. Binti anatuma video, hafungui kilicho chini yake.

Matibabu yenyewe hayakuwa na dawa ya ajabu. Tulipima damu, alikuwa na upungufu, akapewa vidonge vya madini ya chuma. Mazoezi ya alfajiri yalisimama. Mtaalamu wa lishe alimpangia kile kile kilichopo nyumbani: uji wa ulezi na karanga kabla ya kutoka, chapati na maharage mchana, ugali na dagaa usiku, na ndizi au mihogo ndani ya saa moja baada ya mazoezi. Alionana pia na mshauri wa afya ya akili kila wiki mbili. Kilo zilianza kurudi mwezi wa kwanza. Hedhi ilirudi mwezi wa nne, naye mwenyewe alinipigia kuniambia, kwa sauti ya mtu aliyefunga goli.

Wamenipa ruhusa kuandika, na mambo madogo nimeyabadilisha. Kuna moja ambalo binti alinieleza mwisho kabisa. Akaunti iliyoanza lile neno la kiboko, isiyo na picha wala jina, ilikuwa ya mchezaji mwenzake, wa miaka 16, waliokuwa wanapanda naye daladala moja kwenda mazoezini. Naye alikuwa amemwomba muuzaji yule yule viatu, akaambiwa asubiri.

Mama wa huyo wa pili amekwishajua. Alimchapa, akamnyang'anya simu, na sasa anasema mtoto haongei, anajifungia ndani tangu wiki iliyopita. Nimemwambia amlete Jumanne.