Saratani ya Tezi Dume: Kabla ya Kuchagua Tiba, Soma Majibu Yako

Mzee akishaambiwa kwamba kinyama kilichotolewa kwenye tezi dume kimekutwa na saratani, swali lake la kwanza karibu kila mara ni hili: "Daktari, mnanipasua lini?" Wanawe waliomsindikiza wana haraka kuliko yeye. Hushangaa wakiambiwa kwamba saratani iliyo bado ndani ya tezi kwa kawaida hukua polepole, na wiki chache za kutafakari haziharibu kitu.

Anzia kwenye karatasi ya majibu. Tazama mambo matatu. La kwanza ni PSA, kipimo cha damu cha protini ya tezi dume: chini ya 10 ni afadhali, juu ya 20 ni dalili mbaya. La pili ni alama ya Gleason, inayoonyesha ukali wa seli: 6 ni saratani pole, 7 ni ya kati, 8 hadi 10 ni kali. La tatu ni mahali ilipofika: ingali ndani ya tezi, imetoka nje kidogo, au imeshafika kwenye mifupa.

Mwenye PSA chini ya 10, Gleason 6 na uvimbe mdogo ndani ya tezi anaweza asitibiwe kwanza. Hufuatiliwa kwa karibu: PSA kila baada ya miezi kadhaa, kinyama kingine baada ya muda, na MRI inapopatikana. Hali ikibadilika, tiba inaanza.

Huko si kumtelekeza mgonjwa. Utafiti wa Uingereza uitwao ProtecT uliwagawa wanaume 1,643 katika makundi matatu: kufuatiliwa, kupasuliwa na kupigwa mionzi. Matokeo ya miaka 15, yaliyotolewa mwaka 2023, yalionyesha kwamba katika kila kundi waliokufa kwa saratani hiyo walikuwa 2 au 3 tu kati ya 100. Hata hivyo, kwa waliofuatiliwa, saratani ilisambaa kwa watu 9 kati ya 100, karibu mara mbili ya makundi mengine, na zaidi ya nusu ya kundi hilo la kufuatiliwa hatimaye walipata tiba. Tena washiriki karibu wote walikuwa Wazungu, ilhali saratani hii huwaandama zaidi wanaume weusi. Kwa hiyo anayechagua kufuatiliwa asikose kliniki hata moja.

Upasuaji wa saratani huondoa tezi yote pamoja na vifuko vya shahawa. Usiuchanganye na ule wa kukwangua tezi iliyovimba bila saratani. Mgonjwa hukaa na mpira wa mkojo kwa wiki moja au mbili, kisha mkojo unaweza kumvuja kwa miezi. Nguvu za kiume hupungua kwa wengi, na mbegu hazitoki tena.

Mionzi haina kisu, na kwa saratani iliyo ndani ya tezi huponya kama upasuaji. Madhara yake huelekea zaidi kwenye utumbo: kuharisha, kwenda haja mara kwa mara, pengine damu kwenye choo. Hutolewa Jumatatu hadi Ijumaa, siku 20 katika ratiba fupi, na karibu 40 katika ile ndefu. Mgonjwa wa Songea atakayetibiwa Ocean Road, Dar es Salaam, apige hesabu ya malazi na chakula cha wiki zote hizo. Hata bima ikilipia mashine, hailipii chumba cha kupanga.

Saratani ikifika kwenye mifupa, lengo hubadilika: ni kuirudisha nyuma na kuizuia, si kuing'oa. Mwaka 1941 Charles Huggins wa Marekani alionyesha kwamba saratani hii hutegemea homoni za kiume, na ugunduzi huo ukampa Nobel mwaka 1966. Homoni hushushwa kwa sindano ya kila mwezi au kila miezi mitatu, au kwa kuondoa korodani mara moja tu. Wengi husikia neno "kuhasiwa" na kuchagua sindano ili kulinda uanaume wao. Hawajaambiwa kwamba sindano hufanya kazi ileile: hamu ya tendo hupotea, joto la ghafla huja, mifupa hudhoofika. Tofauti kubwa ni kwamba sindano huweza kusimamishwa, nayo hugharimu fedha kila inaporudiwa. Fedha zikikata na sindano ikarukwa, homoni hupanda na saratani huamka.

Basi unapokwenda kuamua, nenda na mkeo, maana madhara yatalala nyumbani kwenu wote wawili. Mwulize daktari: saratani yangu ni ya kundi gani: pole, ya kati au kali? Nisipotibiwa sasa, nini kitatokea? Kila tiba itaniachia nini, na itanigharimu kiasi gani mpaka mwisho? Usiondoke bila nakala ya majibu yako. Ukihitaji maoni ya daktari wa pili, karatasi hiyo ndiyo atakayoiomba kwanza.