Kuifuata Sauti Inayohama: Jinsi ya Kuipanga Skana kwa Mifumo ya Chaneli za Pamoja

Katika miji mingi ya Marekani wako watu ambao kwa miaka mingi wamezoea kuweka mezani redio ndogo iitwayo skana. Chombo hiki hupitia chaneli moja baada ya nyingine kwa haraka na kusimama penye sauti. Kwa msaada wake mwandishi wa gazeti hupata habari za nyumba inayoungua mapema, na mkazi wa kando ya msitu hujua kama moto unaelekea kwake. Hapo zamani kazi ya kuipanga ilikuwa nyepesi. Zimamoto walikuwa na masafa yao, polisi yao, na mafundi wa barabara yao. Aliyeyajua masafa hayo aliyaingiza katika skana, na mambo yakaisha.

Skana ya namna hiyo ikielekezwa kwenye mfumo wa siku hizi hutoa maneno ya ajabu. Msikilizaji atamsikia mzimamoto akisema kwamba wanaingia ghorofa ya tatu. Jibu la mkubwa wake halisikiki. Mahali pake inakuja sauti ya dereva wa gari la taka akiulizia mtaa. Kisha polisi, kisha kimya. Mwenye skana hudhani chombo kimeharibika, nacho ni kizima kabisa. Kilichobadilika ni kwamba masafa hayana mwenyewe tena.

Ili kuelewa sababu yake, msomaji afikirie foleni za benki. Zikiwapo foleni tano, kila moja na karani wake, hutokea karani mmoja akakaa bure huku mwenzake amezidiwa na watu. Ikiwapo foleni moja kwa makarani wote watano, hakuna karani atakayekaa bure maadamu yuko mtu anayengoja. Jambo hili lilifanyiwa hesabu na Agner Krarup Erlang, mtaalamu wa hisabati wa Denmark aliyefanya kazi katika kampuni ya simu ya Copenhagen, na ambaye maandiko yake juu ya msongamano wa simu yalitoka mwaka 1909 na 1917.

Tuitumie hesabu yake kwa redio. Tuseme idara kumi zina chaneli kumi, kila idara na yake, na kila chaneli ina mazungumzo kwa nusu ya wakati wote. Mtu anayetaka kusema ataikuta chaneli yake imeshikwa mara 50 katika kila 100. Sasa tuzichanganye chaneli zote, tutoe moja iwe ya uongozi, na tisa zilizobaki ziwe za kila mtu. Ijapokuwa tumepoteza chaneli nzima, atakayelazimika kungoja ni kama mara 8 tu katika kila 100. Hesabu hii huchukulia kwamba watu huita kwa nyakati zisizopangwa. Siku ya maafa makubwa wote huita kwa pamoja, na ndiyo maana mifumo hii huwapa zimamoto na polisi haki ya kutangulia mbele ya magari ya taka.

Mwaka 1974 tume ya mawasiliano ya Marekani, yaani FCC, ilitenga sehemu ya masafa ya megahezi 800 kwa ajili ya simu za upepo za kazi, na mifumo ya chaneli za pamoja ikapata nafasi humo. Wenye skana waliachwa nyuma kwa muda mrefu. Skana ya kwanza iliyoweza kuufuata mfumo wa namna hii, Uniden Bearcat BC235XLT, iliingia madukani mwaka 1997.

Na hufuataje? Siri yote imo katika ile chaneli moja tuliyoitoa. Chaneli ya uongozi haibebi sauti ya mtu. Hubeba maagizo ya kompyuta mfululizo, usiku na mchana. Katika mifumo ya zamani ya Motorola maagizo hayo huenda kwa biti 3,600 kwa sekunde. Katika mifumo ya dijitali iitwayo P25 huenda kwa biti 9,600. Ukiisikiliza kwa redio ya kawaida utasikia mkwaruzo mkali usiokoma, na mkwaruzo huo ndio alama ya kuitambua.

Mzimamoto anapobonyeza kitufe, redio yake hutuma ombi fupi: mimi namba fulani, wa kundi fulani, nataka kusema. Kompyuta hutafuta chaneli iliyo wazi na kutangaza kwamba kundi lile liende chaneli ya saba. Redio zote za kundi hilo huhamia huko kabla mtu hajatamka neno la kwanza. Akiisha kusema, zote hurudi kusikiliza maagizo. Atakayejibu huenda akapewa chaneli ya pili, au ya tisa. Kwa hiyo mazungumzo ya dakika moja yaweza kupita katika chaneli nne, na waliomo wasijue kabisa kwamba wamehamishwa. Skana iliyopangwa vema hufanya kama redio hizo: husikiliza maagizo, na kundi linalotakiwa likitajwa, nayo huhama.

Hivyo basi, mwenye kuipanga hana budi kuacha mazoea ya kufikiri kwa masafa na kuanza kufikiri kwa makundi. Kwanza lazima ajue aina ya mfumo, kwani lugha za kompyuta hizi hazifanani, na aina ikikosewa hakuna kitakachofanya kazi hata kama mengine yote ni sahihi. Baada ya hapo huingiza masafa. Katika mfumo wa P25 yatosha kuingiza chaneli ya uongozi pamoja na zile za akiba zinazoweza kuchukua kazi hiyo, kwa kuwa mfumo wenyewe hutangaza jinsi ya kugeuza namba za chaneli kuwa masafa. Mfumo uitwao EDACS hauna ukarimu huo. Husema tu, nendeni chaneli ya tatu, na skana haina njia ya kujua ya tatu ni ipi isipokuwa masafa yote yameingizwa kwa mpangilio uleule uliotumiwa na mafundi wa mfumo. Ukibadilisha nafasi za masafa mawili tu, utasikia kundi la zimamoto likitajwa na sauti ya watu wengine kabisa ikitoka. Kosa hili ndilo linalowasumbua wanaoanza kuliko yote, maana skana huonekana inafanya kazi.

Mifumo ya zamani ya Motorola iko katikati. Skana nyingi zilitengenezwa na jedwali la kugeuza namba kuwa masafa likiwa ndani yake. Mwaka 2004 FCC iliamuru masafa ya megahezi 800 yapangwe upya ili kuondoa mwingiliano, na chaneli za usalama zilizokuwa kati ya megahezi 866 na 869 zikateremshwa kwa megahezi 15. Skana zenye jedwali la kale zikaanza kwenda pasipokuwa na mtu, kama mgeni mwenye ramani ya mji uliokwisha kubadilishwa majina ya mitaa. Baadhi zilirekebishwa kwa programu mpya. Nyingine zilibaki hivyo.

Kisha namba za makundi. Katika mifumo hiyo ya Motorola namba ya kundi ina biti 16, lakini biti nne za mwisho hueleza hali ya mazungumzo. Ndiyo sababu namba zote za kawaida hugawanyika kwa 16 bila baki. Tuchukue kundi 1616. Ikitokea kioo kikaonyesha 1618, msomaji asidhani ni kundi jipya. Ni lilelile, na ile 2 iliyoongezeka humaanisha kwamba mmoja wao amebonyeza kitufe cha dharura. Asiyelijua hili aweza kuifuta namba hiyo kwa kuiona ngeni, akajinyima mazungumzo yenye uzito kuliko yote ya siku hiyo.

Liko jambo jingine ambalo vitabu vya maelezo hulipitia haraka, nalo lastahili kukaziwa. Mfumo mkubwa una minara mingi, na aghalabu mnara hurusha sauti za kundi pale tu ambapo redio ya mmoja wa kundi hilo imejiandikisha kwake. Skana haitumi chochote, hivyo haijiandikishi popote. Mkazi wa kando ya msitu aweza kuwa amepanga kila kitu sawasawa, na bado asisikie neno juu ya moto ulio bonde la pili, kwa sababu wazimamoto wote wako chini ya mnara mwingine. Kimya cha skana si ushahidi kwamba hakuna hatari. Dawa yake ni kuingiza minara ya jirani pia, ikiwa mawimbi yake yanafika.

Mahali pengine shida huwa kinyume chake: minara kadhaa hurusha sauti ileile kwa masafa yaleyale kwa wakati mmoja. Mawimbi yakifika kwenye skana yakipishana kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, biti huchanganyika na sauti hukatikakatika, ingawa kipimo cha nguvu kimejaa. Hapo kununua eriali kubwa huzidisha ugonjwa. Mara nyingi eriali fupi, au ile inayoelekezwa kwa mnara mmoja tu, husaidia zaidi.

Kuhusu sheria, kila nchi ina yake. Marekani huruhusu kwa jumla kusikiliza huduma za umma, lakini sheria ya mwaka 1986 ililinda mazungumzo ya simu za mkononi, na tangu 1994 skana mpya haziruhusiwi kupokea masafa ya simu hizo. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2006, ni kosa kusikiliza ujumbe usiokuhusu pasipo idhini. Na hapa Tanzania, sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya mwaka 2010 inakataza kunasa mawasiliano bila idhini. Mwenye kununua chombo hiki aulize kwanza.

Huko Marekani kwenyewe mlango unazidi kufungwa kwa njia nyingine. Sauti ya dijitali yaweza kufungwa kwa ufunguo wa siri, na mwaka 2019 polisi wa Denver waliyafunga mazungumzo yao yote ya redio. Polisi husema kwamba wahalifu nao husikiliza, na kwamba majina na anwani za waathirika hutajwa hewani. Waandishi wa habari hujibu kwamba sasa watajua yaliyotokea pale tu polisi watakapopenda kusema. Hoja zote mbili zina uzito, ila kwa maoni yetu wito wa zimamoto hauna sababu kubwa ya kufichwa. Skana haiwezi kuufungua ufunguo huo, hata ipangwe kwa ustadi gani. Chaneli ya uongozi bado husomeka, kundi hutajwa, namba yake huonekana kwenye kioo, na spika hunyamaza mpaka zamu ya kundi jingine.