Nani Anaamua? Maisha ya Kujitegemea kwa Watu Wenye Ulemavu Visiwani



Katika kutembelea vikundi vya Kizingitini, Faza na vijiji vingine vya kisiwa cha Pate, swali moja hutufuata kila mahali. Mtu husimama akauliza: "Nyinyi mwasema mlemavu ajitegemee. Atajitegemea vipi, naye hata kupanda mashua hubebwa?" Swali hili ni la haki kabisa, na lastahili jibu refu kuliko lile tunalowahi kutoa pale barazani huku nahodha akituita kwamba maji yanapwa.

Tuanze na mashua hiyo hiyo. Chombo kikiisha kuundwa hakijiendei majini. Siku ya kukishua huitwa watu, wazee kwa vijana. Wanapanga magogo, wanashika kamba, mmoja anaimba na wengine wanaitikia, mpaka chombo kinaelea. Mwenyewe asingekiweza peke yake hata angevuta mwaka mzima. Lakini hatujasikia hata siku moja mwenye chombo akiitwa "asiyejiweza". Kwa nini? Kwa sababu ni yeye aliyemchagua fundi, ni yeye aliyepanga siku ya kushua, na kikishaelea ni yeye anayesema kiende wapi. Mikono ni ya watu, uamuzi ni wake.

Basi maisha ya kujitegemea ndiyo hayo. Mtu asiyeona, asiyesikia, au ambaye miguu yake haina nguvu, anaweza kuhitaji mikono ya watu kila siku. La kuuliza ni nani anayeamua alale saa ngapi, avae nini, fedha yake itumike vipi, aolewe au aoe nani, asafiri lini.

Fikra hii ilipata jina lake Marekani. Kijana mmoja, Ed Roberts, aliugua polio mwaka 1953 akiwa na umri wa miaka 14. Alipooza kuanzia shingoni, na usiku akawa analala ndani ya mashine ya kumsaidia kuvuta pumzi. Alipotaka kuingia Chuo Kikuu cha California kule Berkeley, idara ya jimbo iliyokuwa ikisaidia walemavu ilikataa mwanzoni kumlipia, ati mtu wa hali yake hatapata kazi kamwe. Aliingia chuoni mwaka 1962. Mwaka 1972 yeye na wenzake walifungua kituo kilichoendeshwa na walemavu wenyewe. Hakikuwa hospitali wala makao ya kulaza watu. Kilikuwa mahali pa kutafutiana wasaidizi wa kuajiri, nyumba zenye mlango wa kupitika, na fundi wa viti vya magurudumu. Mwaka 1975 gavana akamteua Roberts kuwa mkurugenzi wa idara ile ile iliyomkataa. Alifariki mwaka 1995, na tangu ule ugonjwa hakuwahi tena kujivalisha shati kwa mikono yake.

Hapa kwetu pwani tunayo mifano pia. Warsha za Bombolulu, Mombasa, zilianzishwa mwaka 1969 na chama cha APDK ili watu wenye ulemavu wa viungo wafanye kazi za ufundi na kupata mshahara. Na mwaka 1989 vyama vya walemavu wenyewe viliungana kitaifa katika UDPK, maana walichoka kusemewa.

MANENO YETU WENYEWE

Kabla ya kwenda mbele, tuangalie midomo yetu. Miaka mingi barua za misaada ziliandikwa "kwa wasiojiweza". Kiswahili chenyewe nacho kiliwaweka kipofu, kiziwi na kiwete katika ngeli ya kiti na kikombe, ingawa tukitunga sentensi tunasema "kipofu amekuja" na si "kimekuja". Hatusemi mzee wa miaka 80 apigwe faini kwa neno alilozaliwa nalo. Lakini katika daftari la kikundi andikeni "mtu mwenye ulemavu", au bora zaidi, jina lake. Ana jina.

MFANO WA MSHONA NYAVU

Mfano huu tumeuunganisha kutoka nyumba nyingi, wala si wa mtu mmoja. Tuseme kuna mvuvi aliyeumia mgongo, miguu ikafa. Jamaa zake wanampenda. Wamemtengea chumba, shangazi anampikia, ami yake anamnunulia dawa. Miaka inapita. Harusi zinafanywa, hapelekwi, "asije akachoka". Shamba la minazi linauzwa, haulizwi. Akiletwa mgeni, mgeni humuuliza ami: "Hajambo huyu?" Naye yuko pale pale, amekaa, anasikia.

Kikundi kinamtembelea, na kwa kawaida yetu tunaingia na jibu mkononi: tumchangie kiti cha magurudumu. Ni vizuri, lakini tumemuuliza? Akiulizwa huenda akasema kwanza anataka kupelekwa pwani asubuhi, vyombo vinaporudi, maana vidole vyake bado vinajua kushona nyavu. Na anataka apatane bei mwenyewe. Wakati huu nyavu huletwa nyumbani na malipo hupitia kwa mtu mwingine, na yeye hajui hata alichopata.

Hapo ndipo kazi inapoanza. Kiti cha hospitali chenye magurudumu membamba hakifai mchanga wa kwetu, kinazama. Kinachofaa zaidi ni cha magurudumu matatu, mapana, lile la mbele likiwa mbali kidogo ili kisipinduke. Chumvi ya bahari hula mnyororo na beringi, kwa hiyo mafuta ya kupaka yasikosekane. Na aliyepoteza hisia miguuni asikae juu ya ubao mtupu. Awe na mto mzuri, na kila baada ya nusu saa hivi ajiinue au ainuliwe kidogo, la sivyo atapata vidonda vya makalio. Vidonda hivyo vinaua watu, tusivichezee.

Tena mshona nyavu ni mtu wa kazi ya uvuvi. Akae katika mikutano ya BMU kama wavuvi na wachuuzi wa kamba mawe. Akishakaa pale, bei ya kushona nyavu itazungumzwa mbele yake.

Jambo la fedha lina utata wake. Mpango wa serikali wa Inua Jamii hutoa shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, na kwa kawaida mpokeaji huwa ni yule anayemtunza. Hatusemi watunzaji ni wezi. Wengi hula mara moja ili mgonjwa ale mara mbili. Lakini fedha ikifika ihesabiwe mbele ya mwenyewe, na yeye aseme ipi ni ya unga na ipi ni yake ya mfukoni. Kama ni mtoto au mtu ambaye akili yake inakwenda pole pole, bado kuna mambo anayoyajua: anapenda chakula gani, anamwogopa nani. La mwisho hilo mulisikilize sana.

KUPANDA CHOMBO

Wasiotoka visiwani hawalijui jambo hili. Ofisi ziko Lamu mjini. Siku za bamvua maji hupwa karibu na saa nne asubuhi, saa ile ile ambayo mtu angetaka awe njiani kwenda ofisini. Mkondo wa Mkanda nao haupitiki vizuri maji yakiwa machache. Mzima anakunja nguo, anakanyaga tope, anapanda. Asiyeweza kutembea anabebwa mabegani na mabaharia.

Kwa mwanamume ni usumbufu. Kwa mwanamke ni jambo la stara. Mama wa heshima hataki kukumbatiwa na vijana asiowajua mbele ya gati zima, na akishapatwa na hayo mara moja, safari ya pili anasema haumwi. Hivi ndivyo mtu anavyokosa kliniki na kadi na pensheni, na sisi tunaandika "hakuhudhuria".

Mengine hayahitaji hata senti ya serikali. Fundi wa mashua anaweza kuunda kiti chenye mikono miwili mirefu, wakashika ndugu zake mwenyewe wanne, bila mtu kumgusa. Anaweza kutengeneza ubao mpana wenye vijiti vya kuzuia mguu usiteleze. Nahodha akikubali kwamba msafiri mwenye ulemavu anapanda wa kwanza na kushuka anapotaka, imekwisha. Na siku ya kwenda ofisini ipangwe kwa mwezi: tarehe 8 au 9, na 22 au 23 za mwezi wa kuandama, ni maji mafu, na maji hujaa kati ya asubuhi. Wavuvi wenu wanalijua hili kuliko afisa yeyote.

Gati ni jambo la serikali. Gati la ngazi tupu si gati kwa kila mtu. Njia ya mteremko ya kiti cha magurudumu hutakiwa iwe na futi 12 za urefu kwa kila futi moja ya kupanda. Mkiona ramani yenye mteremko mkali kama paa, semeni mapema, kabla saruji haijamwagwa.

HAKI NA NJIA YAKE

Sadaka na zaka ni ibada, nasi hatuna neno la kuzipunguza. Lakini haki ni deni, na deni hudaiwa. Mwaka 1993 Mwanasheria Mkuu aliunda jopo la kuchunguza sheria zinazowahusu walemavu. Sheria yenyewe ilipatikana mwaka 2003, miaka kumi baadaye, nayo ikaleta Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu. Mwaka 2008 Kenya iliridhia mkataba wa Umoja wa Mataifa ambao kifungu chake cha 19 kinasema wazi kuwa mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuchagua aishi wapi na na nani. Katiba ya 2010, kifungu cha 54, ikataja heshima, elimu, kufika mahali pote, usafiri wa umma, lugha ya ishara na Breli. Ikasema pia kwamba hatua kwa hatua asilimia 5 ya nafasi katika vyombo vya umma ziwe za watu wenye ulemavu. Sheria ya 2003 nayo imepisha sheria mpya iliyotiwa saini Mei 2025.

(Asilimia 5 ya kamati ya watu tisa haifiki mtu mmoja, tunajua. Msijifiche nyuma ya hesabu.)

Mlango wa kwanza ni kusajiliwa na Baraza hilo. Mtu hupimwa na madaktari katika hospitali ya serikali iliyoidhinishwa, kisha hupata kadi. Bila kadi hiyo, misaada ya vifaa, ya masomo na msamaha wa kodi ni vigumu kuipata. Hapa ndipo utetezi wa kikundi unapohitajika. Watu ishirini, wengine wasioweza kukaa, wavuke bahari kuwafuata madaktari watatu? Au madaktari watatu wavuke siku moja waje Faza? Andikeni barua ya ombi hilo. Mtu mmoja akiandika huonekana msumbufu, kikundi kikiandika hujibiwa.

Kwa mambo ya gati na barabara kuna kalenda, na wengi hufungiwa mlango kwa kutoijua. Mpango wa maendeleo wa kaunti hupelekwa kwenye bunge la kaunti kabla ya tarehe 1 Septemba, na makadirio ya bajeti kabla ya tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai. Kwa hiyo ombi la gati lililoletwa Julai kwa ajili ya mwaka ule limeshachelewa. Liingie katika mikutano ya wananchi kabla ya Septemba, na lirudiwe mwanzo wa mwaka, mpaka lionekane kwenye karatasi likiwa na kiasi cha fedha.

Na anayesema kwenye mikutano hiyo awe mwenyewe. Kiziwi apewe mkalimani wa ishara, na mkutano usifanywe gizani baada ya isha, maana ataona nini? Asiyeona aambiwe nani anazungumza. Mwenye kusema kwa shida asimaliziwe sentensi. Sisi wengine tutakuwa tumekaa nyuma, tukishika kiti kisitoke.

Barua ya kuomba madaktari iandikwe kwa afisa wa Baraza aliye kaunti, nakala kwa hospitali na kwa chifu. Iwe na jina la kila anayetaka kupimwa, umri, aina ya ulemavu na kijiji, pamoja na namba ya kitambulisho, au ya cheti cha kuzaliwa kwa mtoto. Orodha hiyo iandikwe kwa ruhusa ya wenyewe, isibandikwe ukutani. Kisha pendekezeni tarehe mbili, zote za maji mafu.