Nani Alikuwa Upande wa Nani

Sogeeni karibu, wajukuu zangu, na wewe uliyekaa kule nyuma weka hiyo simu mfukoni. Shuleni mmefundishwa kwamba Abushiri, aliyeongoza vita vya pwani dhidi ya Wajerumani, alikuwa shujaa na waliomkamata walikuwa vibaraka. Mwalimu hakukosea. Ila mwalimu ana kipindi kimoja na mimi nina jioni nzima, kwa hiyo nitawasimulia habari za wasiotoka kwenye mtihani: wapagazi, wenye maduka, majumbe, kina mama waliokimbia na watoto mgongoni. Hao ndio waliokuwa wengi hapa Bagamoyo, na vita vilipobisha hodi kila mmoja wao alitakiwa aamue siku ileile aende wapi.

Tuanze na mji ulivyokwenda. Pwani yetu yote, toka Mto Umba hadi Ruvuma, ilihesabiwa kuwa ya Sultani wa Unguja. Sultani Barghash alifariki Machi 1888. Mwezi uliofuata, tarehe 28 Aprili, ndugu yake Sultani Khalifa bin Said akatia saini mkataba na Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki: Kampuni ikusanye ushuru wa forodha na kutawala pwani kwa jina la Sultani kwa miaka 50. Watu wa Bagamoyo, Pangani na Kilwa hawakuulizwa. Kwa hiyo mkitafuta wa kwanza kushirikiana na Wadachi, kama wazee walivyowaita Wajerumani, msianzie vibandani. Anzieni ikulu. Naye Khalifa, kusema kweli, alikuwa na manowari za Ulaya zimetia nanga mbele ya dirisha lake.

Agosti Kampuni ikaja kushika kazi. Kwenye karatasi mambo yalikuwa ya utawala na forodha. Mitaani yalikuwa ya heshima. Kampuni ilitaka bendera yake ipepee pamoja na ya Sultani, na maliwali wapokee amri kutoka kwa vijana wa Kizungu waliokuwa hawajui hata kuamkia. Kule Pangani alipelekwa mmoja aitwaye Emil von Zelewski. Akaita askari wa majini, wakavamia nyumba ya liwali, na msikitini wakaingia na mbwa. Lipi lilikuwa zito kwa watu wa Pangani, ushuru au mbwa? Mkinibana nitasema mbwa. Septemba watu wakamfungia Zelewski ndani ya nyumba yake, na ilibidi Jenerali Mathews, Mwingereza aliyeongoza jeshi la Sultani, aje kumtoa. Mathews mwenyewe aliponea chupuchupu. Watu walishaona kwamba anayetumwa na Sultani sasa anakuja kuokoa Mdachi, na baada ya hapo neno la Sultani halikusikilizwa tena.

Sasa Bagamoyo. Huu ulikuwa mji wa misafara. Wanyamwezi walishuka kwa maelfu na pembe za ndovu, wakapumzika, wakauza, wakapakia nguo, shanga na nyaya za shaba, wakarudi bara. Kila mtu mjini alikula kwenye msafara kwa njia yake. Majumbe wa Kishomvi walikuwa na fungu lao la zamani kwa mizigo na wageni waliopita kwao. Wafanyabiashara wa Kihindi walikopesha fedha na bidhaa. Liwali Amir bin Suleiman al-Lemki aliwakilisha Sultani. Watumwa walibeba, walilima, na wengine walifanya biashara za mabwana zao. Kampuni iliposhika forodha ilikuwa imetia mkono kwenye sufuria ya wote hao kwa wakati mmoja.

Tarehe 22 Septemba 1888 watu wenye silaha wakaingia mjini. Manowari Leipzig ikashusha askari wa majini 260, mizinga ikanguruma, na wenyeji zaidi ya 100 wakauawa. Mwisho wa mwezi huo Wadachi walikuwa wamefukuzwa karibu pwani nzima, na Kilwa maofisa wawili wa Kampuni waliuawa. Miji miwili tu ilibaki mikononi mwao: Dar es Salaam na huu wetu.

Mtu wa kawaida akiwa katikati ya mji unaopigwa na mizinga toka baharini na bunduki toka mashambani, anakwenda wapi? Wengi walikwenda misheni. Mnaijua, pale kwenye miembe mirefu. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifika 1868, wakanunua watoto utumwani na kuwajengea kijiji. Vita vilipoanza, viwanja vya misheni vikajaa maelfu ya wakimbizi, Waislamu kwa Wakristo, huru kwa watumwa, na kila familia ikijenga kibanda chake cha makuti. Padri Étienne Baur alikuwa akiongea na pande zote mbili. Abushiri aliahidi kutoigusa misheni na akatimiza. Wadachi nao waliihitaji. Januari 1889 misheni ya Wabenedikto ya Pugu iliposhambuliwa, wengine wakauawa na wengine kuchukuliwa mateka, waliopita katikati kupanga fidia mpaka mateka wakaachiwa walikuwa hao hao mapadri wa Bagamoyo.

Hapo mtaniuliza, je, mapadri walikuwa upande gani? Walitaka Wazungu washinde, hilo halifichiki. Na walilisha watu ambao waume zao walikuwa kambini kwa Abushiri, nalo halifichiki. Mama aliyelala pale na watoto wake hakuwa amesaliti mtu. Alikuwa amepata mahali pasipofikiwa na risasi.

Abushiri bin Salim al-Harthi mwenyewe naye mumjue vizuri. Baba Mwarabu, mama Mgala, mwenye shamba la miwa upande wa Pangani, na mtu ambaye tangu zamani hakuwa akielewana na ukoo wa masultani wa Unguja. Alikuwa na watumwa. Waliomfuata hawakumfuata kwa sababu moja: matajiri walitaka forodha yao irudi, majumbe heshima yao, vijana wa mjini na watu wa mashambani walitaka kupumua, na watumwa wengine waliona huu ndio wakati wa kupata jina. Wakubwa walipoanza kutafuta suluhu, mara nyingi waliokataa ni hao wadogo. Kule Saadani alikuwapo Bwana Heri bin Juma, mtawala wa Wazigua, ambaye hakuwahi kukubali kwamba nchi yake ni mali ya Sultani, sembuse ya mpangaji wa Sultani.

Kuanzia Desemba 1888 meli za Ujerumani na Uingereza zikafunga bahari. Walisema ni kuzuia watumwa kutoka na bunduki kuingia. Biashara ikafa. Wahindi wa Bagamoyo, maduka yao yakiwa yameporwa, wengi walivuka kwenda Unguja, na waliobaki waliuza kwa yeyote mwenye rupia. Watu waliwasema sana Wahindi. Mimi sina haraka ya kuwasema. Mwenye duka lililojaa bidhaa za mkopo hawezi kulibeba kichwani akaingia nalo porini.

Machi 1889 akaja ofisa wa Kijerumani, Hermann Wissmann, mara hii kwa fedha za serikali ya Berlin yenyewe. Tazameni jeshi lake: Wasudani wapatao 600 walioandikishwa Cairo, na Washangaani 100 hivi kutoka Msumbiji. Wajerumani wenyewe walikuwa wachache, maofisa. Wale Wasudani walikuwa askari wa Misri waliokosa kazi na kwao baada ya vita vya Mahdi, wakaja na wake zao na watoto. Tarehe 8 Mei walilivamia boma la Abushiri pale Nzole, karibu na mji, wakalivunja. Juni ikachomwa Saadani, Julai zikatekwa Pangani na Tanga. Mwafrika alipigana na Mwafrika kwa mshahara wa Mdachi, ndiyo. Kumbukeni tu kwamba anayeajiri jeshi humtafuta kwanza mwenye njaa ya mbali, asiye na shangazi katika mji anaoupiga.

Sehemu ifuatayo vitabu vingi huipita mbio, nami nitasimama hapo. Abushiri alipofukuzwa pwani alikwenda bara, akakiteka kituo cha Kampuni kule Mpwapwa, kisha akarudi na Wambunga, wale walioitwa Mafiti. Walikuwa wapiganaji hodari. Lakini walikula kwa kupora, na njia yao ilipita katika vijiji vya Wazaramo, watu ambao mwaka uliotangulia walikuwa pamoja naye. Mahindi yakachukuliwa, nyumba zikachomwa, wanawake wakatekwa. Oktoba 1889 wakapigwa na Wadachi pale Yombo. Tangu siku zile kuna vijiji vilivyopeleka habari bomani kwa Wadachi, na havikufanya hivyo kwa kuipenda bendera ya Kaizari. Vilikuwa vimechomwa na mkombozi wake. Ukimwita mkulima wa namna hiyo msaliti, jiandae kumweleza angekula nini mwaka ule.

Abushiri akabaki na wafuasi wachache, akitangatanga Uzigua. Wissmann alikuwa ametangaza zawadi nono ya rupia kwa atakayemleta. Jumbe mmoja aitwaye Magaya akamkamata na kumkabidhi. Hapo sitamtetea mtu: mgeni aliyekuja kwako kwa njaa, ukamfunga kamba kwa fedha, hilo hata wakati ule watu walilijua jina lake. Ingawa Magaya naye alikuwa ameona vijiji vilivyomhifadhi Abushiri vilivyofanywa.

Na siku hizo hizo, Desemba 1889, Bagamoyo ilikuwa na sherehe! Msafiri Stanley aliingia mjini tarehe 4 akiwa na Emin Pasha, gavana aliyetolewa bara. Wakubwa wakala na kunywa ghorofani, na Emin, ambaye macho yake yalikuwa mabovu, akaanguka kutoka juu usiku uleule na kuumia vibaya. Tarehe 15 Abushiri akanyongwa Pangani. Bwana Heri alipigana porini mpaka chakula kikaisha, akajisalimisha Aprili 1890, akaachwa arudi kuijenga Saadani yake. Watu wakadhani ameshakuwa mtu wa Wadachi. Mwaka 1894 akainuka tena, akashindwa, akakimbilia Unguja. Mzee Hemedi bin Abdallah al-Buhriy wa Tanga aliyaweka mambo ya vita hivi katika utenzi, kwa Kiswahili cha watu walioyaona. Utafuteni maktaba.

Baada ya vita Wadachi waliona kwamba hawawezi kutawala bila walewale. Wakachukua maliwali, maakida na majumbe, wakawapa mshahara na mamlaka. Liwali Amir bin Suleiman aliendelea na kazi. Akida aliamua kesi, alikusanya kodi, alitoa watu wa kulima barabara. Familia zilizokuwa upande wa Abushiri zilitoa makarani. Mwaka 1905, vita vya Majimaji vilipowaka Umatumbi, wa kwanza kushambuliwa walikuwa pamoja na maakida, watu wa pwani. Miaka 17 ilitosha kumgeuza aliyefukuza forodha kuwa aliyeshika daftari la kodi.

Nimemweka mwisho mtu wetu wa hapa Dunda, Mtoro bin Mwinyi Bakari. Alizaliwa karibu 1869, kwa hiyo mizinga ya Leipzig ilipolia alikuwa kijana wa umri wa kaka zenu. Alisoma elimu ya dini, akafundisha, baadaye akawa mkusanyaji wa kodi wa serikali ya Wadachi. Hiyo ni kazi ya kushirikiana kama ipo kazi ya kushirikiana: kwenda nyumba hadi nyumba kudai fedha ya mtawala. Mwaka 1900 akaenda Berlin kufundisha Kiswahili katika chuo cha lugha za Mashariki. Huko ndiko alikoandika sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu ambacho Mjerumani Carl Velten alikichapisha 1903. Mila za Bagamoyo ya zamani, tunazoziita za mababu, nyingi tunazijua kwa kalamu ya mkusanya kodi huyo.

Wanafunzi wake wengine, waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala, hawakupenda kufundishwa na Mwafrika. Mwaka 1904 alimuoa Mjerumani, Bertha Hilske. Mwaka 1905 wakapanda meli kuja nyumbani. Bandarini Dar es Salaam serikali ileile aliyoitumikia ikawakataza kushuka kama mume na mke. Wakageuzwa Ujerumani. Alifundisha tena, Hamburg mara hii, akatembea miji akihutubia, na akafia Berlin 1927.

Wewe uliyenyoosha kidole, najua unachotaka kuuliza: tumweke fungu gani. Kisomeni kwanza kitabu chake. Anzeni na habari za harusi na ngoma, ndizo tamu, na mtaona jinsi alivyoupenda mji huu. Halafu mje mnijibu nyinyi.