Upana wa Koili katika Redio Isiyotumia Betri

Ndugu msomaji, iko redio ambayo haitaki betri, wala umeme wa nyumba, wala jua. Huitwa redio ya kristali, kwa kuwa hapo zamani kazi ya kuitoa sauti katika mawimbi ilifanywa na kipande cha jiwe la galena, yaani madini ya risasi, kama yale yaliyochimbwa Mpanda miaka ya 1950. Siku hizi mahali pa jiwe hutiwa dayodi ndogo ya jemaniamu, ambayo yaweza kutolewa katika redio mbovu. Vitu vingine ni vichache: waya mrefu wa angani, waya wa ardhini, kapasita ya kugeuzwa, kisikizi cha sikio, na koili, yaani waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi juu ya kiunzi cha mviringo. Katika mazungumzo haya nitasema habari ya koili, maana hiyo ndiyo huiharibu kazi ya wanafunzi wengi, nao hawajui kwamba imeharibika.

Katika redio yenye betri, koili mbaya husamehewa, kwa sababu betri huongeza nguvu. Redio ya kristali haina wa kuisaidia. Nguvu yote inayotikisa kisikizi hutoka katika wimbi lenyewe, ambalo limesafiri kutoka mbali na kufika likiwa dhaifu. Kikipotea kidogo njiani, ndicho kidogo ambacho ungesikia.

Mwaka 1998 nilikuwa mwanafunzi wa shule ya msingi huko Matembwe, katika nchi ya Njombe, upande wa Lupembe. Nyumbani tulikuwa na redio moja, nayo ilinyamaza siku nyingi kuliko ilizosema, kwa kuwa betri zilikuwa ghali. Baba alizianika juani zipate kusema tena kwa robo saa, akipenda zaidi saa ya taarifa ya habari. Basi niliposoma kwamba iko redio isiyokula betri, sikulala. Nilimwendea fundi wa mashine ya kusaga, akanipa waya wa shaba wenye vanishi, uliotoka katika mota iliyoungua, kiasi cha mita 15. Nilikata mwanzi katika shamba letu la ulanzi, kipenyo chake sentimeta 4, nikauzungusha waya wote juu yake vizuri sana, mzunguko ukigusana na mzunguko, hata koili ikawa ndefu na nyembamba kama kinu cha ugoro. Niliiona nzuri. Usiku nikasikiliza, nisisikie neno hata moja la kituo tulichokitaka.

Mwalimu wetu wa sayansi alipoitazama aliniuliza, “Mwanangu, mwanzi huu uliuchagua kwa sababu gani?”

Nikajibu, “Ulikuwa karibu, Mwalimu.”

Akasema, “Haya, leo tutauchagua kwa hesabu.”

Aliyonieleza ndiyo haya, nami nimeyapima mara nyingi tangu siku hiyo. Koili na kapasita hufanya kazi pamoja kama mtoto na bembea. Bembea ya kamba ndefu huenda polepole, ya kamba fupi huenda upesi, na kila bembea ina mwendo wake mmoja inaoupenda. Kadhalika koili ikiwa na uwezo mkubwa, redio huitikia mawimbi yenye mitikisiko michache. Uwezo ukiwa mdogo, huitikia yenye mitikisiko mingi. Uwezo huo wa koili hupimwa kwa maikrohenri. Vituo vya mawimbi ya kati hukaa baina ya kilohezi 530 na 1600 hivi, na kilohezi moja ni mitikisiko elfu kwa sekunde. Vituo vya FM vina mitikisiko mamilioni mengi, wala koili hii haivihusu.

Ukiwa na kapasita inayofika pikofaradi 365, koili ya maikrohenri 240 itakufikisha chini mpaka kilohezi 538. Kapasita ikifunguliwa kabisa, vikabaki pikofaradi 40 pamoja na zile zilizomo katika nyaya zenyewe, utapanda hata kilohezi 1620 hivi. Basi twataka maikrohenri 240. Swali ni hili: tuzipate kwa kiunzi cha upana gani?

Hapa ndipo watu hukosea, maana hudhani kwamba waya wa mita 15 ni waya wa mita 15, uuzungushe penye kalamu au penye ndoo. Sivyo hata kidogo. Chukua waya ambao unene wake pamoja na vanishi ni milimeta 0.8, kama ule wangu. Ukiuzungusha juu ya mwanzi wa sentimeta 4, maikrohenri 240 zitataka mizunguko 141, koili itakuwa na urefu wa sentimeta 11 na zaidi, na waya utakaotumika ni karibu mita 18. Ukitumia kiunzi cha sentimeta 8, mizunguko 55 yatosha, urefu wa koili ni sentimeta 4.4, na waya hauzidi mita 14. Ukipanua zaidi, ukachukua kiunzi cha sentimeta 16, mizunguko itapungua hata 30 hivi, lakini kila mzunguko ni mrefu, na waya unapanda tena kufika karibu mita 15.

Waona, msomaji, kwamba wembamba una hasara kubwa, na upana uliozidi una hasara ndogo. Katikati iko koili inayotoa uwezo ule ule kwa waya mchache kuliko zote, nayo ni ile ambayo urefu wake ni kama nusu ya kipenyo chake, au pungufu kidogo. Sababu yake si ngumu. Kila mzunguko wa waya husaidiwa na jirani zake. Ikiwa koili ni ndefu, mzunguko wa mwanzo na wa mwisho wako mbali, kama watu wa vijiji viwili wasioweza kuinua gogo moja. Na waya mchache maana yake ni ukinzani mdogo, kwa hiyo sauti kubwa zaidi, na vituo viwili vilivyo karibu hutengana vizuri.

Mimi nilikuwa na mita 15 juu ya mwanzi ule mwembamba, yaani mizunguko 119 hivi. Hesabu yasema zilikuwa maikrohenri 197 tu, na kwa kapasita ile nisingeweza kushuka chini ya kilohezi 594. Kituo nilichokitafuta kilikuwa chini ya hapo. Ningaliweza kusikiliza hata alfajiri. Waya ule ule, bila kuongeza hata shubiri, nilipouzungusha juu ya kiunzi cha sentimeta 8 ulitosha, ukabaki na mita moja ya kufungia. Usiku wa pili, kama saa mbili, sauti ya Kiswahili ilikuja, ndogo kama ya mtu aliye ng’ambo ya bonde. Baba alikishika kisikizi hata habari zikaisha, nasi tuliobaki tukamtazama uso tu.

Sasa nitawapa hesabu yenyewe, ili asiyepata kiunzi cha sentimeta 8 ajifanyie kwa alichonacho. Ilitolewa mwaka 1928 na mhandisi wa Marekani, Harold Wheeler. Chukua nusu ya kipenyo kwa sentimeta, uizidishe kwa yenyewe. Chukua hesabu ya mizunguko, nayo uizidishe kwa yenyewe. Zidisha majibu hayo mawili pamoja, kisha uzidishe kwa 0.394. Weka kando. Sasa zidisha nusu kipenyo kwa 9, na urefu wa koili kwa 10, uvijumlishe. Gawanya lile la kwanza kwa hili la pili, nawe una maikrohenri. Kwa koili yetu: 4 mara 4 ni 16, 55 mara 55 ni 3025, vikizidishwa ni 48,400, na mara 0.394 ni 19,070. Upande wa pili ni 36 na 44, yaani 80. Jawabu ni 238, na tofauti ya mbili haimzuii mtu kusikia. Ila jueni kwamba hesabu hii hupoteza usahihi kwa koili fupi mno, kama ile ya sentimeta 16; hapo yahitaji kupunguza mzunguko mmoja baada ya kujaribu.

Unene wa waya lazima uujue kwanza, nao haupimiki kwa macho. Uzungushe mara 20 juu ya kalamu, mizunguko ikigusana, upime upana wote kwa rula. Ikiwa ni milimeta 16, gawanya kwa 20, upate 0.8. Tena asivunjike moyo aliyepata waya mwembamba. Ukiwa wa milimeta 0.4, mizunguko hukaa pamoja zaidi, na kiunzi chafaa kuwa kidogo: juu ya kipenyo cha sentimeta 5.5, mizunguko 64 na waya wa mita 11 vitatosha. Hapo mwanzi mnene wa ulanzi unarudi kupata heshima yake. Hata hivyo waya mwembamba una ukinzani mwingi kuliko mnene, nami nikipewa nichague, nitachukua mnene na kiunzi kipana.

Kiunzi kisiwe cha bati. Nimeona mwanafunzi mmoja akizungusha waya kwa uangalifu mkubwa juu ya kopo la maziwa, kwa kuwa kipenyo chake kilikuwa sawasawa kabisa. Kopo ni pete ya chuma iliyofungwa. Mkondo huamka ndani yake na kupingana na koili, uwezo unapungua na nguvu inaliwa yote. Lakini kopo lafaa kuwa kalibu. Lizungushie karatasi ngumu mara tano au sita, ukipaka gundi ya unga kati ya tabaka na tabaka, uache ikauke, kisha ulivute kopo utoke nalo. Bomba la plastiki nalo ni zuri. Mwanzi ukitumiwa uwe mkavu kabisa, na nchi yetu ya Njombe, yenye ukungu na baridi ya Juni na Julai, haiukaushi upesi. Uweke juu ya meko majuma kadhaa. Karatasi na mwanzi vyote viwili vipakwe nta ya nyuki iliyoyeyushwa kabla ya kuzungusha waya, maana unyevu ndani ya kiunzi hunywa mawimbi.

Wakati wa kuzungusha, funga ncha moja ya waya katika mti, unyoshe, kisha uje ukiuelekea mti huku ukiuviringisha juu ya kiunzi. Ukifika mzunguko wa 14, tengeneza kitanzi kidogo kilichosokotwa, ukwangue vanishi yake, halafu uendelee hata 55. Kitanzi hicho si cha mapambo. Waya wa angani wa mita 30 una pikofaradi zake wenyewe, tuseme 200. Ukiufunga juu kabisa ya koili, pikofaradi hizo zinajumlika na za kapasita, na redio haitapanda tena zaidi ya kilohezi 663. Vituo vyote vya juu umevifukuza. Ukiufunga penye kitanzi, ambacho ni robo ya koili kutoka upande wa ardhi, nguvu ya pikofaradi hizo hupungua mara 16 hivi, zikawa kama 12. Dayodi na kisikizi hufungwa juu, na mwisho wa chini huenda ardhini, penye chuma kilichopigwa mahali penye maji maji. Kisikizi kiwe cha ukinzani mkubwa, omu 2000 au zaidi, la sivyo kitainyonya koili yote.

Waya wa angani ufungwe kati ya miti miwili mirefu. Huko Matembwe, ambako umeme wa maji wa kampuni ya kijiji umepita penye nguzo, usiurushe kamwe juu ya nyaya hizo wala karibu nazo, hata ukiona kwamba mti mzuri uko upande wa pili. Chagua mti mbaya zaidi. Na tangu mvua za Novemba zianzapo hata Aprili, ukisikia radi, hata iliyo mbali, usiguse kisikizi. Kabla ya kulala, utoe waya wa angani katika koili, uufunge moja kwa moja na waya wa ardhini nje ya nyumba.