MOTERE INAZUNGUKA LAKINI HAIWAKI: TUTAFUTE KOSA BILA KUJIUNGUZA



Sisi wote tunaijua asubuhi ya namna hii. Mvua imenyesha usiku kucha. Saa kumi na moja imepita, posti ya kwanza inakaribia. Baba mmoja anaingia katika motokari yake, anapiga kontakti. Demareri inazungusha motere vizuri, lakini motere haiwaki. Anapiga tena mara tano, mara kumi. Jirani anakuja kusaidia. Wanafungua kapo, jirani anachukua esansi katika chupa na kuimwaga ndani ya karburateri. «Piga sasa!» Motere inakohoa, ulimi wa moto unaruka juu, na chupa inawaka mkononi mwa jirani.

Mtu huyo hakuumia mgodini wala kiwandani. Aliumia mbele ya nyumba yake, watoto wakitazama. Lakini kitanda cha lupitalo ni kile kile, na jamaa yake inahangaika vilevile. Kwa hiyo leo ukurasa huu hauzungumzi juu ya kofia ya kazi wala viatu vya usalama. Tutazungumza juu ya motokari inayokataa kuwaka.

MOTERE INAOMBA NINI?

Motere ya esansi inaomba vitu vinne: hewa, esansi, cheche ya moto inayokuja kwa wakati wake, na nguvu ya pistoni ya kushindilia hewa ile na esansi. Kama demareri inazungusha motere lakini haiwaki, ujue kwamba kimoja cha vitu hivyo kinakosekana. Kazi yako ni kutafuta ni kipi, kimoja baada ya kingine.

Na hapa ndipo sheria kubwa ya leo. Esansi na cheche zinatakiwa kukutana ndani ya motere tu. Zikikutana nje, zinakutana mbele ya uso wako. Kwa hiyo, unapotafuta esansi, usipige kontakti. Unapotafuta cheche, esansi yote iwe imefungwa, na iliyomwagika iwe imepanguswa na kukauka. Usifanye kazi hizi mbili pamoja hata siku moja.

KABLA YA KUGUSA KITU

1. Vuta freni ya mkono, toa vitesi, weka jiwe kwenye gurudumu.

2. Zima sigara. Weka mbali kibiriti na taa ya mafuta. Kama kuna giza, tumia tochi. Mvuke wa esansi hauonekani, ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kama maji na kutafuta moto mahali ambapo wewe huufikirii.

3. Unapotia mikono ndani ya kapo, ufunguo wa kontakti uwe mfukoni mwako. Kazini tunajua desturi hii: anayetengeneza mashine ndiye anayeshika ufunguo wake. Nyumbani tunaisahau, na mtoto au jirani anapiga kontakti wakati vidole viko kwenye mkanda.

4. Vua saa na pete. Funga mikono ya shati.

5. Usizungushe demareri zaidi ya sekunde kumi kwa mara moja. Ngoja dakika moja, ndipo upige tena. Ukiilazimisha, inapata moto na kuungua, na batri inakwisha. Hapo utakuwa na makosa mawili badala ya moja.

SIKILIZA KWANZA

Sikio ni chombo cha kwanza cha fundi. Piga kontakti mara moja na usikilize.

Motere ikizunguka polepole, kwa uchovu, kosa liko kwa batri au nyaya zake. Angalia vichwa vya batri: je, vimelegea, au vimeota unga mweupe na kijani? Batri nzuri iliyopumzika inaonyesha volti 12,6 hivi. Wakati wa kuzungusha demareri, ikianguka chini ya 9,6 ni dhaifu. Inaweza kuzungusha motere na bado ikashindwa kutoa cheche yenye nguvu. Usisahau kwamba batri inayochajiwa inatoa gazi inayolipuka. Usiisogelee na moto, wala usiweke ufunguo wa chuma juu yake.

Motere ikizunguka mbio kuliko desturi, nyepesi, kwa sauti moja isiyopanda wala kushuka, acha mara moja. Labda mkanda wa ndani unaoendesha supapi umekatika. Katika motere nyingi, ukiendelea kuzungusha, pistoni zinagonga supapi na kuzipinda. Hiyo ni kazi ya fundi.

Motere ikizunguka kwa sauti ya kila siku, endelea na utafiti.

TAFUTA ESANSI

Usicheke tukisema: anza na tangi. Sindano ya tablo inaweza kudanganya. Kama hukumbuki siku uliyojaza, ongeza litri tano.

Halafu tumia pua. Kama unasikia harufu kali ya esansi baada ya kupiga mara nyingi, motere imezama, maana yake imekunywa kupita kiasi. Usiongeze tena! Ngoja dakika kumi. Kisha kanyaga pedali ya gazi mpaka chini, uishike hapo bila kuipampu, na uzungushe demareri kwa sekunde chache. Hewa itaingia kwa wingi na kuikausha. Ikianza kuwaka, legeza mguu polepole.

Kama hakuna harufu kabisa, labda esansi haifiki. Katika motokari ya karburateri, funga kontakti, toa kifuniko cha filtri ya hewa, vuta kamba ya gazi kwa mkono na utazame ndani kwa tochi. Unapaswa kuona esansi ikiruka kidogo ndani ya karburateri. Usipoiona, angalia pompa, filtri na mpira wa esansi. Kumbuka: uso wako ukiwa juu ya karburateri, mtu yeyote asiguse kontakti. Ukimaliza, rudisha kifuniko, kwa maana ndicho kinachozuia ulimi wa moto.

Motokari za enjeksio, ambazo leo ndizo nyingi katika barabara zetu, hazina karburateri. Fungua kontakti bila kuzungusha demareri, nyamaza, na usikilize upande wa tangi. Katika nyingi utasikia pompa ikinguruma kwa sekunde mbili hivi. Ikinyamaza, tazama fizibli yake. Iliyoungua ibadilishwe kwa nyingine ya namba ileile: kama imeandikwa 15, weka 15. Usifunge waya badala yake, kwa maana waya hauungui, unaunguza motokari. Ikiwa fizibli mpya inaungua tena, kuna kosa katika nyaya. Peleka kwa fundi wa umeme. Usifungue mpira wa esansi wa motokari hizo ili «kuona kama inakuja». Ndani yake esansi inasukumwa kwa nguvu, nayo itaruka machoni na juu ya chuma cha moto.

Pengine kosa ni maji yaliyochanganywa na esansi, hasa kama umenunua katika chupa kando ya barabara. Toa kidogo kwa pampu ya mkono, weka katika chupa ya kioo, uiache itulie mahali pa hewa. Maji yatakaa chini na esansi juu. Usivute esansi kwa mdomo! Tone linaloingia katika mapafu linatosha kumlaza mtu mzima, na mtoto linaweza kumwua.

TAFUTA CHECHE

Umefunga esansi? Umepangusa iliyomwagika? Mvuke umekwisha? Sasa unaweza kutafuta cheche.

Wakati wa mvua, adui wa kwanza ni unyevu. Katika motokari ya zamani, toa kifuniko cha delko, ukikaushe ndani kwa kitambaa safi kikavu, ukaushe pia nyaya za buji na kichwa cha bobini. Tazama kama kifuniko kina ufa mwembamba mweusi: umeme unakimbilia humo badala ya kwenda kwa buji. Usioshe vitu hivi kwa esansi. Mara nyingi kitambaa kikavu peke yake kinaamsha motere iliyolala tangu alfajiri.

Kama bado, chukua buji nyingine iliyo nzima, ichomeke mwisho wa waya mmoja, na uibane kwa nguvu ili chuma chake kiguse chuma cha motere. Usitoe buji zilizo ndani ya motere, kwa sababu mvuke wa esansi utatoka kwenye tundu lililo wazi. Usishike waya kwa mkono: umeme ule unapita volti 15 000. Simama mbali, na umwambie mwenzako azungushe demareri kidogo. Cheche ya buluu yenye kupiga sauti ni nzuri. Cheche nyekundu na dhaifu, au kukosekana kwake, inaonyesha kosa la bobini, la nyaya au la platine zilizochakaa ndani ya delko.

Katika motokari mpya, zenye bobini juu ya kila buji, usifanye jaribio hili. Unaweza kuharibu kompyuta yake. Angalia tu kama taa yenye picha ya ufunguo inawakawaka katika tablo. Ikiwakawaka, motokari haikutambua ufunguo wako, nayo inakataa kuwaka kwa kujilinda na wezi. Jaribu ufunguo wa pili.

NA MOTERE YA MAZUTU?

Hii haina buji ya cheche. Asubuhi ya baridi, kama ile ya mwezi wa 6 na wa 7, ngoja kwanza taa ya kupasha moto izimike katika tablo. Ikiwa tangi lilikauka, hewa imeingia katika mipira: jaza mazutu, kisha itoe hewa kwa pampu ndogo iliyo kwenye filtri. Toa pia maji yaliyokaa chini ya filtri.

Usipulizie dawa ya kuwasha motere kwa nguvu katika motere yenye kupasha moto, inaweza kulipuka. Wala usitafute kwa mkono mahali mazutu inapovuja kwenye enjeksio. Katika motere za sasa nguvu yake inapita bari 1 000; inatoboa ngozi kama sindano. Tundu linaonekana dogo, pengine haliumi, lakini mkono unaoza kutoka ndani. Nenda kwa mganga saa ileile.

MOTERE IKIWAKA

Usiiache ikinguruma ndani ya garaji iliyofungwa. Moshi wake una gazi isiyo na harufu wala rangi, inayoua mtu kama anayesinzia. Toa motokari nje.

AJALI IKITOKEA

Moto ukiwaka chini ya kapo, funga kontakti, watu waondoke. Usimwage maji juu ya esansi, kwa maana yanaieneza. Tumia mtungi wa kuzimia moto, au mchanga. Nguo za mtu zikiwaka, mlaze chini na kumviringisha katika blanketi. Kisha mwagia sehemu iliyoungua maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno, usivute nguo iliyoshikamana na ngozi. Aliyemeza esansi asitapishwe, wala asipewe maziwa au mafuta ya mawese. Wote wapelekwe lupitalo.

Ndugu mfanyakazi, ukichelewa kazini kwa sababu motokari ilikataa kuwaka, kapita atakusikiliza, au atakukaripia, na kesho yatakuwa yamekwisha. Lakini uso ulioungua haurudi kama jana. Sikiliza, nusa, tazama, kila kitu kwa zamu yake. Na yule jirani anayekuja na chupa ya esansi mkononi, mshukuru kwa moyo wake mwema, kisha mwambie aiweke mbali.